Siku Tatu Ndani ya Maji

Mangobo, Kisangani
20 Novemba 1955

Zacharie amefika leo kutoka kituo cha kilimo cha Yangambi na kuniletea mbegu za lupini, mmea wa jamii ya maharage. Ziko arobaini na moja, ndani ya kopo la maziwa, pamoja na kifuko cha udongo kutoka kwenye tuta la zamani la lupini kule anakofanya kazi. Udongo huo nilimwomba kwa barua. Lupini haishiki vizuri mahali ambapo haijawahi kupandwa. Mizizi yake inahitaji kitu kilichobaki ardhini kutoka kwa wenzake. Hilo nalikumbuka. Mambo ya shamba nayakumbuka yote. Ya watu ndiyo yanayonichanganya.

"Papa Valère," aliniuliza, "hii maharage ni ya nini? Hata kwetu kule inaoza. Joto, mvua, bon, inakufa."

"Nataka punje chache tu."

"Za kula?"

Nilipiga kelele ya hapana, hata mjukuu wangu Delphine akatoka jikoni na mwiko mkononi.

21 Novemba

Kifua kimetulia, basi niandike lile nililomwambia Padri wiki mbili zilizopita, kabla halijanichanganyikia zaidi.

Mwaka 1932 nilikuwa kalaka, karani wa ghala, katika shamba la kahawa la Mbelgiji mmoja nje ya Yanonge. Tulipanda lupini kati ya mistari ya kahawa, tukaikata ikiwa mbichi na kuizika iwe mbolea. Magunia ya mbegu yalikuwa chini ya ufunguo wangu. Chakula kilikuwa haba mwaka ule. Félicien, capita, msimamizi wa kitalu cha miche, aliugua homa wiki mbili. Mke wake, Germaine, akaja ghalani kuniomba maharage. Nilimpa mabakuli mawili ya lupini.

Nilikuwa nimesoma ndani ya kitabu cha bwana kwamba kuna nchi ambako watu wanazila, ila ni chungu na zina sumu, lazima zilowekwe. Nikamwambia Germaine aziloweke siku tatu ndani ya maji ya mto, kama muhogo. Kwetu kila mtu anajua hivyo: muhogo mchungu ukilala siku tatu majini, sumu inaondoka. Naamini nilisema siku tatu. Kitabu, nadhani, kilisema kumi, na kuzichemsha kwanza. Kuna siku ninauona ukurasa na namba kumi juu yake. Kuna siku nyingine ukurasa ni mweupe.

Félicien alikula siku mbili. Kinywa kikakauka, macho yakawa meusi na mapana, hakuona vizuri, akaongea na watu wasiokuwepo. Akafa. Ndugu zake walipoyaona macho yale wakasema mke amemroga. Mdogo wake, Constant, akaja ghalani: "Kalaka, we ulisoma. Hii maharage inaweza kuua mutu?"

Nikamjibu, "Sijui."

Hapo sina mashaka. Nilijua. Gunia lenyewe liliandikwa kwa Kifaransa kwamba si chakula. Lakini bwana angejua nimetoa mbegu zake, ningefukuzwa siku ile ile.

Walimfukuza Germaine kwa fimbo. Na walifanya jambo baya zaidi: walikataa kumtoa kwenye matanga. Kwa watu wa kwetu, mjane huvaa kitambaa cheusi mpaka ndugu za marehemu wamwoshe na kumvua. Asipovuliwa haolewi, haketi na wenzake kwenye karamu, na akifa huzikwa nacho. Sasa ni miaka ishirini na tatu. Germaine anaishi karibu na maporomoko, kati ya familia za wavuvi, anakausha samaki kwa moshi.

Padri alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema jina la mtu likivunjwa lazima lijengwe tena, na mvunjaji ndiye ajenge. Niende kwa ndugu za marehemu, niseme. Amenipa mpaka Pasaka. Sijui kama mwili wangu umenipa mpaka Pasaka.

Na hili nilishindwa kumweleza Padri: Constant ni rafiki yangu. Ni seremala, nyumba yake iko ya tatu kutoka hapa, na kila Jumapili anakuja kukaa nami. Nilimwambia habari ya maharage siku ile ile nilipotoka kwa Padri. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema homa imenipanda kichwani, na hakuna maharage yanayoua mtu yakishapikwa. "Nionyeshe hiyo maharage," alisema. "Mi naamini kitu cha kushika."

Ndiyo sababu ya kopo la maziwa.

27 Novemba

Tumepanda. Nilikwangua kila mbegu upande mmoja kwa kisu cha kuchongea kalamu, ganda lake ni gumu kama kucha, kisha zikalala majini mpaka asubuhi. Delphine aliinua tuta nyuma ya nyumba na kuchanganya mchanga wa mto, maana lupini haivumilii kusimama na miguu majini. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikiamuru.

"Refu zaidi. Inua hapa. Hapana, hapa."

"Koko, babu yangu, nachimba shamba ao kaburi yako?"

"Lolote litakalowahi."

Hakucheka. Juu ya tuta tumeweka kivuli cha makuti.

4 Desemba

Kumi zimeota! Kila moja imejisukuma nje ikiwa imebeba vipande viwili vya mbegu yake, kama mtu aliyehama na milango ya nyumba yake.

5 Desemba

Mvua.

8 Desemba

Ishirini na tisa. Majani ya kwanza yamefunguka kama vidole vya mkono, na katikati ya kila kiganja kuna tone moja la maji. Félicien alipenda kuwaonyesha wafanyakazi wapya tone hilo. Au ni mimi niliyewaonyesha.

11 Desemba

Constant alikuja baada ya misa na kuzunguka tuta, mikono nyuma.

"Donc hii ndiyo muuaji wa ndugu yangu. Inapendeza, kweli. Inafaa kuwekwa ku meza ya bibi ya muzungu."

"Ngoja izae."

"Kalaka, sikiliza. Mi nakuheshimu. Lakini ule muke alikuwa na ulimi mubaya, aligombana na Félicien kila siku. Félicien alikula kwa mukono wake, akakufa. Mi niliona ile macho. We hukuona."

"Niliona. Nilikuja kumwangalia."

"Ulikuja?"

Alishangaa kweli, nami nikashangaa. Je, nilikwenda? Namwona Félicien juu ya mkeka, macho yale, na pembeni bakuli. Lakini labda ni Constant aliyenisimulia, Jumapili moja kati ya Jumapili nyingi, nami nimejiwekea kama kumbukumbu yangu.

Alipoondoka nilikuta alama ya kiatu chake ukingoni mwa tuta.

19 Desemba

Kumi na nne zimekufa. Shina linaoza pale linapotoka ardhini, linakuwa jeusi, mmea unalala. Mvua haijanyesha siku nne. Kuna mtu anayezimwagia kitu. Nani hataki zizae? Nani alipita hapa jana, na juzi? Constant amekuwa rafiki yangu kwa sababu gani? Labda alijua tangu mwanzo, na amekuwa akiketi hapa kila Jumapili kunichunga. Nimemwambia Delphine asimfungulie.

22 Desemba

Muuaji wa lupini amepatikana. Ni mimi.

Delphine alijificha nyuma ya jiko kwa sababu hakutaka kuamini habari ya Constant. Anasema asubuhi nilimwagilia. Baada ya chai nikamwagilia. Kabla ya chakula nikamwagilia, na nilipoamka tena. Kila mara nilijaza ndoo ndogo kwa taabu kubwa, nikiongea peke yangu kwa furaha, kama mtu anayefanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza siku ile.

"Koko, unaziosha kama zimekufa tayari."

Nilimtukana. Kisha nikaiona miguu yangu, matope mpaka vifundoni.

Kama nilisahau maji ya saa tatu ilipofika saa sita, nitasemaje ninajua maneno ya mwaka 1932?

25 Desemba

Constant alileta nyama ya nguruwe. Nilimwomba msamaha bila kumwambia wa nini. Akasema amenisamehe bila kujua nini.

9 Januari 1956

Zimebaki tisa. Ndoo iko kwa Delphine, na ni yeye anayemwagilia, mara moja kila siku ya tatu, pembeni ya mistari na si juu ya shina. Tumekusanya konokono kumi na wawili.

28 Januari

Ua la kwanza. Jeupe, ncha ya buluu hafifu, kama maziwa yaliyoongezwa maji. Jua ni kali, siku sita bila mvua. Mimea mitatu tu ina shina la maua. Mingine imekuwa majani matupu.

5 Februari

Constant anataka kujua maua yanakuwa maharage baada ya muda gani. Anauliza sana siku hizi. Anacheka kidogo.

12 Februari

Germaine amekuja.

Nilimtuma Delphine mara mbili kule kwa wavuvi, mara mbili akarudi peke yake. Leo, watu wakiwa kanisani, alisimama mlangoni na kikapu cha samaki. Kitambaa cheusi kichwani kimekuwa rangi ya majivu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke wa miaka thelathini, nikapewa mzee.

"We ni Kalaka wa ghala?"

"Ndiyo, mama."

"Umezeeka vibaya." Akakaa chini bila kukaribishwa. "Mi nilifikiri umekufa. Lakini ungekufa, ningesikia."

Nilimwambia yote: kwamba nilijua, kwamba Constant aliniuliza nikasema sijui. Nikamwambia nitakiri mbele ya Constant kwamba nilimwambia siku tatu, na kosa lilikuwa langu, ili avuliwe kitambaa.

Alisogeza kikapu pembeni. Kisha akasema: "Ulisema siku kumi."

Nilidhani sijasikia.

"Siku kumi, Kalaka. Ulisema, mama Germaine, siku kumi, maji ya kupita. Mi nilihesabu siku tatu nikaona Félicien anatetemeka, tumbo tupu. Nikasema, muhogo ni tatu, kwa nini hii kumi? Nikatoa. Nikaweka pilipili mingi na mafuta."

"Hapana. Mimi nilisema tatu."

"We ulikuwa kule ghalani. Mi nilikuwa ku mto."

"Naye hakusikia uchungu?"

"Alikuwa anakunywa kinini, dawa ya homa, kila siku. Kwake hata maji ilikuwa chungu. Alikula, akasema asante." Hapo akaanza kupanga samaki ndani ya kikapu, wakubwa chini, wadogo juu, kisha akawapanga tena.

Delphine alileta chai. Hakuna aliyekunywa.

Niandike ukweli: nilipomsikia akisema kumi, nilifurahi. Kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa mtu asiye na kosa. Miaka ishirini na tatu ilinitoka mgongoni. Kisha nikamwona yule aliyekuwa ameketi chini, mzigo ule ule umehamia kwake, nikaona aibu. Tena nikafikiri: labda anasema kumi kwa kunihurumia, mzee aliyevimba miguu. Au labda ni kweli. Au labda amelisema moyoni mwake mara nyingi mpaka limekuwa kweli, kama mimi na ile tatu yangu.

Kabla ya kuondoka alikwenda nyuma kuziona. Alisimama mbali na tuta.

"Mi sikuwahi kuona maua yake," alisema. "Mi niliona mbegu tu."

14 Februari

Nilimtumia Padri swali kwa maandishi: mtu akikiri kosa ambalo huenda hakulifanya, anadanganya? Amejibu kwamba nijitahidi kukumbuka.

Asante, Padri.

20 Februari

Miguu imevimba mpaka magotini. Naandika nimelala.

4 Machi

Mvua mbili kubwa. Mmea mmoja tu umebaki umesimama, una maganda mawili yenye manyoya. Delphine ameufunga kwenye kijiti kwa uzi wa cherehani yake. Anauita Mama Moja. Mwezi wa kumi na moja alisema ninapoteza akili. Sasa anatoka na taa ya mafuta alfajiri kuangalia kama bado uko.

25 Machi

Jumapili ya Matawi. Maganda yamekuwa ya kahawia. Nimemwambia Constant aje Jumamosi. "Na mke wa marehemu atakuwepo," nilisema.

"Basi mi siji."

"Ulitaka kitu cha kushika. Kipo."

Aliondoka bila kuaga.

31 Machi

Alikuja. Amevaa koti. Germaine alikuwa ameketi ukutani tayari. Constant akapita mbele yake kana kwamba ni kiti.

Delphine alivunja maganda mbele ya macho yetu. Punje saba, pana na bapa kama vifungo vya shati.

"Hii tu?" Constant alichukua moja, akaizungusha, na kabla sijanyanyuka akaiweka mdomoni na kuitafuna. Uso wake ukajikunja. Akatema nje mara tatu, akasukutua kinywa.

"Mungu! Hii ni kinini! Kalaka, unaona sasa unadanganya? Nani anaweza kula hii bila kujua? Félicien hakuwa na ulimi?"

Swali hilo hilo nilimwuliza Germaine mwezi wa pili. Germaine ndiye aliyejibu, akitazama sakafu.

"Semeki, ndugu yako alikunywa kinini wiki mbili. We mwenyewe ulimuletea, ku karatasi ya buluu."

Constant akageuka kumtazama. Ni mara ya kwanza tangu 1932 kwa neno lile, semeki, shemeji, kupita kati yao. Alisema polepole: "Karatasi ya buluu. Ndiyo."

Akanigeukia. "Kalaka. Ulimwambia aiweke ku maji siku ngapi?"

Delphine alikuwa ameshika mkono wangu. Nilimtazama Germaine, naye akanitazama. Nilijua kwamba nikisema kumi, atatoka hapa na kitambaa chake, mara hii kwa kosa la haraka badala ya kosa la uchawi, na Constant hataona tofauti. Nilijua pia kwamba sijui.

"Tatu," nikasema. "Kama muhogo."

Germaine aliinua mkono kunizuia, kisha akaurudisha kwenye kitambaa chake.

"Na siku ile nilikuja kukuuliza?"

"Nilijua kwamba yanaua. Nilijibu sijui. Niliogopa kufukuzwa kazi."

Nilifikiri atapiga kelele. Alikaa. Alitazama mikono yake ya useremala, mbele na nyuma.

"Mi nilimupiga," alisema. "Na fimbo ya mupera. Hapa," akagusa bega lake mwenyewe. "Mi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nilimupiga muke wa kaka yangu, ju ya neno yako moja. Na kila dimanshe, misa ikiisha, nakunywa kwako."

"Constant..."

"Usiite jina yangu."

Alimwita Delphine alete beseni la maji na sabuni. Dada zake wangepaswa kuwepo, na nyimbo, na mbuzi. Hakungoja. Alimwosha Germaine mikono, uso na miguu, palepale mbele yetu, akasema maneno ya ukoo yanayosemwa, sauti ikimpotea katikati, akaanza upya. Kisha akafungua fundo la kitambaa. Halikufunguka, limekaa mno. Ikabidi Delphine alete mkasi. Nywele zilizotoka chini yake zilikuwa nyeupe kabisa. Germaine alizigusa kama za mtu mwingine.

Constant, koti lake limelowa maji, akamwambia, "Semeki, twende, muke wangu amepika." Wakatoka pamoja. Mimi hakuniaga.

1 Aprili

Pasaka. Padri alileta komunyo nyumbani. Ni Jumapili. Constant hakuja.

3 Aprili

Nina pumzi kidogo. Delphine anasema niache kuandika. Bado kidogo.

Germaine alikuja asubuhi, kichwa wazi, gauni lenye maua makubwa mekundu, la mke wa Constant nadhani, maana linampwaya. Alisimama mlangoni ili nilione, kisha akajifanya hakusimama kwa sababu hiyo.

"Kwa nini ulisema tatu?"

"Kwa sababu nadhani nilisema tatu."

"Unadhani?"

"Nilitaka wewe uniambie."

"Mi naye nilitaka we uniambie." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Sikiliza, Kalaka. Mi sina hakika na ile kumi. Kule ku maporomoko niliifikiri kila siku. Kama ni mi nilikosa, basi nafahamu kwa nini walinifukuza. Kama si mi, sifahamu kitu. Nikaona afadhali kumi."

Nilimweleza kwamba juzi, kabla ya komunyo, nilimwungamia Padri jambo moja tu, lile la kujibu sijui nilipojua. La siku tatu sikulikiri. Sikuweza kumpa Mungu kitu ambacho sina uhakika ni changu.

"Ni vizuri," alisema. "Na Constant?"

"Hatakuja tena."

"Si leo." Hakuongeza neno la kunifariji, nami nikamshukuru kwa hilo.

Aliuliza jembe liko wapi. Akatoka nyuma, nami kupitia dirishani nikamwona akiung'oa ule mmea wa mwisho na mabua makavu ya ile mingine, akiyakusanya ili ayachome.

"Usichome!" nilimwita. "Katakata fupi, zika. Kina cha kiganja kimoja."

"Kwa nini?"

"Ni mbolea. Ndiyo kazi yake. Haikuletwa kwa kazi nyingine."

Alikatakata. Alizika. Anasema udongo ni mlaini kuliko wa majirani, na kesho ataleta mbegu za lengalenga, mchicha wa kwetu, kutoka kule kwa wavuvi, Delphine akipenda. Delphine amepiga kelele kutoka jikoni kwamba anapenda. Sasa wanabishana kama mstari uanzie ukutani au njiani, na hakuna anayeniuliza mimi.